Siku Tuliyongoja Mafiga Yako Yapoe

Mama Idi,

Ni mimi, Musa wako. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Sikwenda kwa yule karani wa sokoni anayeandikia watu barua na kuwatilia maneno ambayo hawakusema. Herufi zangu ni kubwa, zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda maporomokoni, lakini zinasomeka. Na unajua nani alinifundisha. Idi, kipande cha kaa mkononi, akichora A na B kwenye sakafu yako ya udongo, mimi nimepiga magoti nyuma yake, na wewe unakoroga chungu huku unacheka peke yako. "Muzee muzima anafundishwa na mutoto ambaye angali anakojoa kitandani!" Bon. Kikojozi yule leo kitabu chake kimechapwa Ulaya, na mimi naandika. Nani anacheka sasa?

Hakuna anayecheka. Ndiyo shida yenyewe.

Nina habari za kukupa, nyingine utazipenda, nyingine utanitukana. Nakuletea zote kwa sababu sikuwahi kukuficha kitu, isipokuwa habari ya yule mbuzi, nayo uliijua.

Ulipoondoka, watu wa kwangu walisoma, watu wa kwenu walilia, kila upande ulikufanyia haki yake. Arobaini ilipokwisha akaja dada yako, Mama Fideli, jirani yetu huyu huyu, pamoja na wanawake wa mtoni waliotoka Isangi kwa mtumbwi. Walikuja kwa ajili ya mafiga. Desturi yenu unaijua kuliko mimi: mwenye jiko akifa, mtoto wake anayang'oa mawe yake matatu, anayarudisha kwenye maji yalikotoka, na nyumba inaachwa ilale yenyewe. Haikaliwi, haiezekwi. Mvua inamaliza kazi.

Nikasimama mlangoni na panga langu la kukatia majani.

Niliwaambia, mtoto wa marehemu ni Idi. Idi yuko Ulaya. Mpaka Idi afike, hakuna mkono utakaogusa mawe haya, ambayo mimi, Musa, niliyatoa Tshopo chini ya maporomoko, moja moja, juu ya kichwa hiki, nilipokuwa nakuposa, kabla Leta, yaani serikali, haijauziba mto kwa simenti. Mama Fideli akanijibu mbele ya watu wote: "Papa Musa, kichwa yako iko nguvu kupita mafiga! Idi si mutoto wa tumbo yake, basi tuchukue hata Fideli atoe." Neno lile la tumbo. Nilifunga mlango. Nani alimpokea yule mtoto siku dada yenu mdogo alipokata roho uzazini, yungali na damu? Nani alizunguka kwa wanawake wenye maziwa, nyumba kwa nyumba, amembeba kifuani? Baba yake alikuja kumchukua siku alipojua kwamba anasoma vizuri, si kabla. Akampeleka kwenye nyumba yake ya matofali kule bandarini, na mtoto akawa anatoroka anarudi kwako na vumbi mpaka masikioni. Mimi ndiye niliyekuita Mama Idi mtaani kote mpaka watu wakazoea. Nilikuita hivyo kwa sauti, ili baba mtu asikie.

Alors nikawa nawasha moto wako.

Kila asubuhi. Usinicheke. Unajua majani ya mangongo yanaishi kwa moshi. Nyumba isiyopikwa ndani, wadudu wanakula paa, na mvua moja kubwa inatosha. Na paa lile nililipanga mimi, na toka hapa mpaka Yanonge hakuna anayepanga majani kama mimi, muulize yeyote. Jirani wote wameweka mabati, wakati wa mvua hawasikilizani hata wakigombana. Nikawasha, nikachochea, nikakaa kwenye kigoda chako. Siku moja nilijaribu kuponda ndizi za lituma. Kuku wa Mama Fideli waliiangalia, wakaenda zao. Yeye alikuwa akipita njiani anaita, "Papa Musa, unapika nini humo? Tembo?" Wanawake wa kisimani walinipa jina, Mama Moshi. Nikawaambia, ndiyo, mimi ni Mama Moshi, na mtaona.

Kwa sababu nilikuwa nimesikia. Idi anakuja. Waheshimiwa wenye tai wa mjini wanamwandalia mapokezi, na watamtembeza kwenye nyumba za ukoo wake, na wazungu wenye kupiga picha watakuwapo, na kwenye nyumba watapigilia kibao cha chuma chenye maandishi. Mama Idi, sikulala. Nilikwenda sokoni nikawaambia watu: jina la mke wangu litaandikwa kwenye chuma. Nililipaka ukuta wako udongo mweupe mpaka mabega yakafa. Nilikata majani mapya upande wa mvua. Nilisema jina lako mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Siku yenyewe nilivaa kanzu, nikakaa mlangoni. Nilichochea moto mkubwa, moto wa harusi, ili moshi uonekane kutoka mbali. Jua likapanda. Hakuna motokari. Mpita njia mmoja akaniambia, wageni wamevuka mto kuangalia nyumba ya babu yake Idi, au tuseme ukuta uliobaki, na sasa wako kwa baba yake bandarini, na kutoka hapo wanakwenda kunywa mjini, kule Makiso. Basi. Wewe humo kabisa.

Nilikwenda kwa miguu. Goti hili unalijua, lakini nilikwenda.

Nyumba ya matofali ilikuwa imejaa viatu vinavyong'aa. Karani mmoja, ana karatasi ya programu mkononi, alikuwa anaeleza kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili hiki cha sokoni: hapa alikula, hapa alisomea, hapa ndipo alipolala. Na mke wa kaka yake Idi, yule wa baba mmoja, anaonyesha kitanda. Kitanda cha springi! Wazungu wawili, mume na mke, wanakipiga picha kitanda cha springi.

Nikasema, na unajua sauti yangu, "Kitanda hiki kilinunuliwa juzi! Mtoto huyu alilala kwenye mkeka wa Mama Idi, na alikuwa anaulowesha!"

Karani akaja mbio mbio kunishika mkono. "Muzee, tafadhali, programu haina hiyo." Ndipo akageuka mtu mmoja mnene kidogo, nywele zimerudi nyuma, miwani usoni, suti ya kijivu. Sikumjua. Wallahi sikumjua, Mama Idi, mpaka alipokuna sikio lake kwa bega, vile vile kama utotoni.

Akaniita mjomba kwa Kifaransa, kama zamani, "Tonton. Nyumba ya mama ingali wima?"

"Iko wima," nikamwambia. "Na moto iko inawaka."

Yaani hata Kiswahili cha baba yangu kilinikimbia.

Uso wake ulifanya kitu ambacho sijui kukiandika. Akamwambia karani, tunakwenda. Karani akaonyesha saa, akaonyesha karatasi, vinywaji vinangoja, bwana mkubwa wa wilaya anangoja, na Idi alikuwa ameshatoka nje. Wakanifungulia mlango wa motokari. Nilikataa. Nilikwenda mbele kwa miguu, katikati ya barabara, na motokari zao zikanifuata polepole, moja nyuma ya moja, kama bata. Watoto walipiga vigelegele. Wanawake wa kisimani waliniona. Waliniona vizuri sana, Mama Idi. Nilitamani uwe mlangoni unione, unitukane kwa kujionyesha.

Basi tukafika. Moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima kwa ule moto wangu wa harusi. Waheshimiwa walisimama nje na vitambaa puani. Idi aliinama akaingia, akasimama kati, akagusa nguzo, akaangalia juu kwenye masizi. Karani naye akaingia, akaangalia huku na huku, akachangamka. Nyumba hii ni nzuri kuliko ya matofali, akasema, ni ya kweli. Wataondoa majani, wataweka mabati, watatoa hili jiko na masizi, watapaka chokaa, na mlangoni wataweka kibao. Akaniuliza: marehemu aliitwa nani, muzee, jina kamili?

Unaona? Nilipata. Kila nilichowaambia watu sokoni, kilikuwa pale kwenye mdomo wa karani. Nilifungua kinywa nimpe jina lako lote, na la baba yako, na la babu yako.

Mama Fideli akanitangulia. Alikuwa amesimama kizingitini na kanga kichwani, sijui alifika lini. Alimsemesha Idi, si karani. "Baba, unaona moto hii? Hatukuiwasha sisi. Dada yangu bado anafungwa hapa kwa sababu wewe haukuya, na huyu muzee anatukatalia. Toa mawe. Ukitoa, nyumba italala, na yeye atalala. Usipotoa, waandike jina, weka mabati, lakini huyu hatapumzika." Akaanza kulia, si kilio cha matanga, kile cha hasira.

Idi akanigeukia. "Tonton, sema wewe."

Mimi! Kwa nini mimi? Nilikuwa na neno tayari, nilikuwa nimeshalishika kwa meno: andikeni. Wallahi nilitaka kusema andikeni. Mwanamke aliyelea mtu mkubwa namna ile, akawa hana hata ubao? Na nyumba yangu, paa langu, nilione linaoza kwa macho yangu? Nilitaka kusema.

Halafu yule mke wa mzungu, aliyekuwa ameingia kupiga picha mafiga, akaanza kukohoa. Moshi ulimwingia. Alikohoa ameinama, mkono juu ya kifua, mwingine umeshika ukuta, kikohozi kirefu kisicho na mwisho, na anapotaka kuvuta pumzi kinaanza tena. Mume wake akamtoa nje. Mimi nilibaki nakisikia.

Kilikuwa chako. Cha miezi ile ya mwisho, ulivyokuwa unainama pale pale, mkono ukutani pale pale. Na jioni ile uliponiambia, "Moshi umenitosha, Musa." Na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu, nitakukatia kuni kavu. Nikaenda kweli, nikakata, nikajisifu kwamba hakuna kuni kavu kama zangu Tshopo nzima. Ukanyamaza. Nilidhani umeridhika.

Nikamwambia Idi, "Moto usiongezwe."

Karani hakuelewa. Mama Fideli alielewa, akakaa chini pale pale alipokuwa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mawe yalikuwa mekundu chini, kwa ule moto wa harusi. Na kwenu moto wa marehemu haumwagiwi maji, unaachwa ufe mwenyewe, na mawe hayaguswi mpaka yapoe yenyewe. Karani akasema, tulete ndoo. Mama Fideli alimwangalia tu, na karani akalimeza lile neno la ndoo. "Itachukua muda gani?" akauliza. Nani anajua? Sikuwahi kuwasha moto mkubwa vile maishani. Mama Fideli akaniambia bila kunitazama, "Si nilikuuliza, unapika tembo?" Na katikati ya msiba ule, Idi akacheka. Alicheka kama wewe, pumzi ya puani kwanza.

Halafu akavua koti, akakaa kwenye kigoda kidogo, si chako, chake, kile nilichomchongea, ambacho sasa magoti yake yalikuwa yanafika kwenye kidevu. Akasema, nitangoja.

Tukangoja, Mama Idi. Waheshimiwa walingoja nje kidogo, wakiangalia saa. Motokari ya kwanza ikaondoka na wazungu, yule mama bado anafuta macho. Halafu nyingine. Karani alikuja mara mbili, mara tatu, akachutama, akasema kwa upole, mesye Idi, bwana mkubwa ameshafika, hotuba yako. Idi akamwambia, mwambie niko kwa mama. Mara ya mwisho karani hakurudi. Tukabaki watatu na mawe.

Tulisema kidogo. Aliniuliza kama mkeka wake upo, nikasema panya. Aliniuliza kama uliumwa sana, nikasema sana. Nilimwuliza kama kwenye kitabu chake umo, kwa sababu mimi Kifaransa kinanishinda. Akachora kitu kwenye majivu kwa kidole, akafuta.

Akasema, "Tonton, nilijaribu. Nilishindwa na uso wake. Namukumbuka mugongo tu. Kila hadithi alinipa amegeukia moto. Sauti najua, mugongo najua, ile kanga ya rangi ya machungwa. Lakini nikitaka ageuke, hageuki."

Nilijigamba, kama kawaida yangu. Nikamwambia, mimi nimeishi naye tangu ujana, uso wake naujua kuliko kiganja changu. Akaniomba nimweleze. Nikaanza. Macho yake... nikasema, macho yake. Halafu nikasema kuni zinatoa moshi, ingawa kuni zilikuwa zimekwisha.

Jua lilikuwa limelegea Mama Fideli alipoweka kiganja juu ya jiwe la kwanza akaitikia kwa kichwa. Mimi mume siruhusiwi kugusa, nilikaa. Idi alipiga goti kwenye majivu na suruali yake ya kijivu, akalitikisa mpaka ardhi ikaliachia. Akalikunja koti akalifanya kata. Akalipandisha jiwe kichwani. Yule mtu wa vitabu, jasho linamtiririka na masizi hadi kwenye ukosi, akashika njia ya mtoni, Mama Fideli nyuma yake anaimba ule wimbo wenu wa kasia. Akarudi, akachukua la pili. La tatu lilikuwa bado lina joto, hakungoja. Nilimwona anauma mdomo. Watu walikuwa wametoka nje ya nyumba zao zote, na wanawake wa kisimani, na hakuna aliyesema Mama Moshi.

Sikwenda majini. Mama Fideli aliniambia kwamba Idi aliyarudisha pale chini, mbali na ule ukuta wa simenti wa Leta, na kwamba lile la mwisho lilipoingia lilitoa mvuke kidogo, kama mtu anayepumua. Pengine ameongeza. Lakini nimelikubali.

Kesho yake Idi alipanda ndege. Alinishika mikono yote miwili, kiganja chake kimefungwa kitambaa, akasema atarudi. Sijui. Wasomi wana mambo mengi.

Kibao wamekipigilia kwenye nyumba ya matofali, bandarini. Nimekwenda kukisoma, herufi kwa herufi. Kuna jina la Idi, kuna jina la baba yake. Watu wanakuja Jumapili baada ya misa, wanaangalia kitanda cha springi. Nikiwakuta nawaambia habari za mkeka. Wengine wanasikiliza, wengine wanauliza huyu muzee ni nani. Mimi najibu, na unajua ninavyojibu.

Mimi nalala kwa Mama Fideli sasa. Chumvi anatia nyingi, na anafanya makusudi. Kila asubuhi napita kwako, naingia. Kuna mashimo matatu meusi sakafuni, basi. Moshi umeshatoka kwenye majani, yananuka unyevu, na upande wa mvua paa limebonyea. Mikono inaniwasha. Ningeweza kuliziba kwa asubuhi moja, mimi, nani mwingine? Nalitazama, naondoka. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo, na hakuna mtu wa kunisifu kwa sababu haionekani.

Nakuahidi mbele ya Mungu: sitapanda juu na majani. Sitawasha hata kijiti. Mvua ije, ikulaze taratibu. Wingu limeshasimama upande wa mtoni leo, nami nimekaa kwa dada yako naandika, sikusogea.

Lakini sasa nikwambie lile moja. Tangu siku ile, na mimi nikifumba macho naona mgongo. Mimi, Musa, niliyejigamba. Naona kanga, naona bega linakoroga, naita, hugeuki. Nadhani ulizoea kuangalia ule moto tu, kila siku, kwa ajili yetu.

Basi, Zaituni, nakuaga kwa jina lako, si la mtoto. Chungu kimeteremshwa. Mawe yako majini, moto umekufa wenyewe, hakuna anayengoja kula. Geuka sasa, mke wangu. Mara moja tu, nikuone.

Musa wako, kwa mkono wake mwenyewe